Mikono Mia Moja na Kumi na Miwili

Hotuba ya Mwalimu Mbinya Wathome, alipoagwa baada ya kuwa karani wa ushirika wa Kwa Mutheu, Machakos, Februari 2003

Mheshimiwa Baba Askofu Bartholomew Mulwa, mkuu wa Sinodi yetu, Mchungaji wetu pamoja na mama mchungaji, Mheshimiwa Diwani, Bwana Chifu na manaibu wako, walimu wenzangu, mlio bado kazini na sisi tuliochoka, wazee wa ushirika, akina mama, vijana, wanakwaya, Mzee Abdiqani Korane, mfanyabiashara wa mifugo, uliyefunga duka mjini ukaja kukaa na Wakristo tangu saa tatu bila kulalamika, ndugu wageni waalikwa, Bwana asifiwe.

Mfawidhi wa sherehe aliniandikia majina hayo kwa mpangilio, na nimeyasoma yote kama yalivyo. Sasa naomba niongeze moja ambalo halikuandikwa. Pale benchi la tatu, karibu na dirisha, ameketi Mwaitu Kalunde, mjane wa Mzee Justus Nzau. Mwaitu, mama yetu, nakuamkia. Mengi nitakayosema leo yanakuhusu wewe kuliko mtu mwingine, na nilipaswa kukuambia zamani.

Kwanza nishukuru. Mmenipa tangi la maji la lita elfu tano. Najua kamati ilibishana majuma matatu, wengine wakitaka seti ya viti vya kukalia, wengine wakisema mwanamke aliyesimama darasani miaka thelathini na minne hajui kukaa. Mliamua vizuri. Viti vingenifanya nikaribishe wageni wengi, na sasa nataka kunyamaza kidogo. Tangi nitalitumia, na mvua ikikataa nitalitazama tu na kuwaombea.

Nimekuwa karani wenu tangu mwaka wa sabini na saba. Nimeandika kumbukumbu za mikutano, nimesoma matangazo, nimeandika barua za kuwahamisha waumini waliohamia Mlolongo wakisema wanakwenda kwa muda mfupi. Na nimehesabu mikono. Ratiba mliyo nayo mkononi inasema kwamba baada ya chakula tutapigia kura katiba mpya ya Sinodi. Ibara yake ya sita inasema wazee wa kila ushirika watateuliwa na Sinodi, na jambo hilo halitaulizwa tena kwa ushirika wowote. Chini yake pameandikwa: kuhesabu mikono, Mwalimu Mbinya. Ni heshima mliyonipa, kazi ya mwisho kabla ya kuondoka. Nasema mapema, kabla ya wali kupakuliwa, kwamba sitahesabu. Mnayo haki ya kujua sababu, na sababu ndiyo hotuba yangu.

Wageni wetu huenda hawajui tunavyopiga kura hapa. Mwenye kiti huomba. Akisema amina, watu hubaki wameinamisha vichwa na kufumba macho. Kisha huuliza: wanaokubali wainue mikono. Karani huhesabu. Washushe. Wanaokataa wainue. Karani huhesabu. Washushe. Karani huandika hesabu kwenye kikaratasi, humpa mwenye kiti, naye hutangaza, ndipo watu hufungua macho. Tunasema tunafanya hivyo ili mtu asimwogope jirani wala kumfuata shemeji yake. Ni desturi nzuri kwa sehemu moja. Lakini fikirini jinsi ilivyo: nyumba imejaa watu wazima, wenye wajukuu, wenye mashamba, na wenye macho wazi ni wawili tu, anayeuliza na anayehesabu. Nyinyi hamjawahi kutazama. Watoto waliochungulia wakati wa maombi niliwachapa mimi mwenyewe, na baadhi yao wamekaa hapa na ndevu zao. Poleni. Niliwafundisha utii nikadhani nimewafundisha adabu.

Ushirika huu haukuanza hivyo. Mwaka wa sitini na nne, nchi ikiwa imejitawala kwa miezi michache, mmishenari wa mwisho alikaa mahali alipo Baba Askofu sasa akasema tusubiri. Alisema hatujakomaa kujichagulia wazee, labda baada ya miaka kumi. Mimi nilikuwa msichana wa kwaya na nilikuwa nimesimama pale kwenye ngoma. Kijana mmoja akainuka, fundi wa kuchonga mawe, mavumbi bado kwenye nywele. Alikuwa Justus Nzau. Akasema, "Bwana, kama Nairobi wametuamini na nchi nzima, wewe unashindwa kutuamini na benchi kumi na mbili?" Watu wakacheka, na mmishenari naye akacheka, maana hakuwa mtu mbaya. Alhamisi iliyofuata akatuachia ufunguo. Tangu siku hiyo tulijichagulia wazee na tukamwita mchungaji tuliyemtaka. Tulikosea mara mbili tatu, mnamkumbuka yule mchungaji wa pikipiki. Lakini makosa yalikuwa yetu, na tuliyarekebisha wenyewe.

Twende mbele. Mwaka wa themanini na nane tulipanga foleni nyuma ya wagombea, nchi nzima, mchana kweupe. Kituo nilichopigia kura sitakitaja. Foleni yetu ilipita magoli ya mpira ikazunguka hadi kwenye josho la ng'ombe. Ile nyingine ilitosha kwenye kivuli cha ukuta wa darasa moja. Saa nane tukaambiwa ile ya kivuli ndiyo imeshinda. Tulikuwa tumeona wote, kila mmoja kwa macho yake mawili, na tukarudi nyumbani. Lakini kanisa letu halikunyamaza. Sinodi iliandika waraka mkali, na niliusoma mimi kwenye mimbari hii, kwamba mtu anyimwe chakula lakini asinyimwe hesabu yake. Nilisoma huku askari kanzu akiwa benchi la nyuma, akijifanya kutafuta wimbo kitabuni. Nilijivunia kuwa mtu wa kanisa hili. Bado najivunia siku ile.

Miaka mitatu baadaye, Jumapili ya mavuno ya mwaka wa tisini na moja, katibu wa Sinodi alikuja kwetu na hoja. Baba Askofu, katibu huyo alikuwa wewe, ukiwa bado na nywele nyeusi, na tulikukaribisha kwa kuku wawili. Hoja ilikuwa kwamba ushirika wa Kwa Mutheu ukabidhi kwa Sinodi haki ya kuchagua wazee. Mzee Justus, ambaye sasa alikuwa mwenyekiti wa wazee, aliongea akipinga kwa muda mrefu kidogo, kama kawaida yake. Ukaomba. Tukafumba macho, isipokuwa wewe na mimi. Ukauliza wanaokubali, nikahesabu mikono thelathini na minane. Ukauliza wanaokataa. Nikahesabu mara mbili, maana sikutaka kukosea, nikapata mia moja na kumi na miwili. Nikaandika, nikakupa. Uliangalia karatasi, ukaikunja, ukaiweka ndani ya Biblia, ukasema, "Hoja imepita. Bwana asifiwe."

Na watu wote wakasema amina. Hilo ndilo linalonitesa, ile amina. Kila mmoja wa wale mia na kumi na wawili alidhani yuko na wenzake wachache tu. Alidhani jirani yake amekubali. Hakuna aliyetaka kuonekana ndiye mkorofi wa ushirika, kwa hiyo kila mmoja akaitikia kwa sauti kubwa kidogo kuliko kawaida. Mimi peke yangu nilijua, na mimi pia niliitikia.

Kule nyuma, kwenye chumba cha mchungaji, uliniambia, Baba Askofu, "Mwalimu, kanisa si siasa. Huku hatuendi kwa wingi wa vichwa." Nilikuwa na la kukujibu. Ningekukumbusha waraka wetu. Sikujibu, na nitasema sababu bila kuipamba. Shule yetu inadhaminiwa na Sinodi, na jina langu lilikuwa mezani kwa nafasi ya mwalimu mkuu. Muhula uliofuata nikawa mwalimu mkuu. Nilifanya kazi ile vizuri, watoto walipita, nyinyi ni mashahidi. Lakini kiti kile nilikikalia kwa kunyamaza, na kwenye kitabu cha kumbukumbu niliandika kwa mkono wangu huu: hoja ilipita kwa wingi wa kura.

Majuma mawili baadaye Mzee Justus alikuja nyumbani kwangu, saa nne asubuhi, amevaa koti la kanisani siku ya kazi. Nilimwekea chai. Akanywa nusu, akaweka kikombe chini, akasema, "Mwalimu, mimi nimeulizia kwa watu. Kila mtu ananiambia, mzee, wengi wameamua. Sasa wewe ndiye uliona. Tulikuwa wangapi?"

Nikamwambia, "Mzee, mambo ya kura ni siri."

Akaniangalia. Hakuwa mjinga, lakini alikuwa mtu wa kuamini. Akasema, "Sawa. Basi mimi ndiye niliwasoma watu vibaya." Akamaliza chai, akashukuru, akaenda. Sinodi ilipoteua wazee wapya yeye hakuwemo. Tangu siku hiyo alikaa benchi la mlangoni, na mnajua hakufungua mdomo tena kwenye mkutano wowote. Mtu aliyemfanya mmishenari acheke. Mwaka wa tisini na saba tulimzika, nami niliandika wasifu wake, nikausoma, nikasifu unyenyekevu wake wa miaka ya mwisho. Haukuwa unyenyekevu. Alidhani watu wake walimkataa, na mimi ndiye niliyemwachia dhana hiyo.

Mtaniuliza kwa nini mniamini leo, kama nilidanganya wakati ule. Swali zuri, ningewapa alama zote. Nilisema waliofungua macho walikuwa wawili. Walikuwa watatu. Jumapili ya mavuno tunauza mifugo iliyotolewa sadaka, na Mzee Abdiqani alikuwa amefika mapema kununua mbuzi. Alisimama nje ya dirisha hilo hapo akisubiri tumalize. Hakuna aliyemwambia afumbe macho. Tangu siku hiyo, kila tukikutana soko la Mitaboni, ananiuliza, "Mwalimu, kwenu anayeshinda ni nani, mwenye watu wengi ama mwenye gari?" Mimi hucheka nikamuuliza bei ya mbuzi. Miaka kumi na mmoja ananiuliza, miaka kumi na mmoja nauliza bei ya mbuzi, na mbuzi sinunui. Juzi nilikwenda dukani kwake nikamwomba aniambie alichoona. Akasema, "Mara ya kwanza mikono kidogo, hapa na hapa. Mara ya pili nyumba yote. Mimi nikasema, haya, hawa wamekataa. Halafu nikasikia mnashukuru Mungu. Nikafikiri labda kwa Wakristo kukataa ni kukubali." Mzee Abdiqani, asante kwa kuja. Sikukuita kwa ajili ya wali.

Sasa niseme neno juu ya uhuru, maana nchi hii tangu Desemba haina wimbo mwingine. Tumepiga kura, serikali iliyokaa miaka na miaka imeondoka, watu wamelia kwa furaha barabarani pale Kyumbi wakisimamisha malori. Na kila mahali mtu anazungumzia katiba, hata kinyozi. Mwezi uliopita, Baba Askofu, nilikusikia mjini Machakos kwenye ibada ya shukrani. Ulisema kiongozi anayepuuza sauti ya mwananchi amempuuza aliyempa mwananchi sauti. Ulisema vizuri mno, nikaandika kwenye bahasha. Nimeirudia mara nyingi nikipika. Nauliza kwa heshima yote: mwananchi huyo, akivuka mlango wa kanisa, sauti yake anaiacha wapi? Anaiacha nje pamoja na mwavuli?

Najua jibu, kwa sababu umenipa mara kadhaa, na si jibu la kipuuzi. Unasema ushirika ukiachwa peke yake hugombana, hujitenga, mwishowe kila ukoo una kanisa lake chini ya mabati yake. Umeona hayo sehemu nyingine, na umelia. Unasema Sinodi ilitujengea madarasa matatu na ikatuletea mchungaji wakati hatukuwa na uwezo. Kweli tupu. Sisemi tujitenge. Nikisikia mtu leo anataka kung'oa kibao cha Sinodi hapo nje, nitamzuia mimi. Kujitawala hakujawahi kuwa kukosa mkubwa. Justus alimheshimu mmishenari kuliko alivyowaheshimu wajomba zake. Alichodai ni kitu kidogo kabisa, kwamba akisema hapana, hapana yake ihesabiwe na atajiwe hesabu, hata kama ameshindwa. Mtu aliyeshindwa kwa haki huenda nyumbani akala, kesho akarudi kufanya kazi na waliomshinda. Aliyefichwa hesabu hukaa mlangoni mpaka afe.

Na mniruhusu kama mwalimu nitofautishe mambo mawili tuliyoyachanganya. Mlipokwenda Desemba, mliingia kwenye kibanda peke yenu, hakuna aliyeona alama yenu. Hiyo ni siri, na ni njema. Lakini sanduku lilifunguliwa mbele ya watu, kura zikainuliwa moja moja juu, mawakala wakaona. Siri ni ya anayechagua. Anayehesabu hana siri. Sisi tulifanya kinyume. Tuliwafumba macho wachaguzi, tukampa karani siri, na karani akaogopa. Mmishenari alitunyima kwa kusema tusubiri, ikawa rahisi kumjibu kwa sababu alisema waziwazi. Mtu wetu alituchukulia huku anatuombea, na tukaitikia. Usinielewe vibaya, Baba Askofu, sikuiti mwizi. Nasema tulikuwa wawili wenye macho, na wote wawili tulifanya jambo ambalo mwaka wa themanini na nane tulilikemea.

Mwaitu Kalunde. Nilisema nitafika kwako. Mumeo aliniuliza swali moja na nikamnyima jibu, naye amekwenda nalo kaburini. Jibu nakupa wewe, mbele ya hawa wote. Walikuwa mia moja na kumi na wawili, naye ndani yao. Hakuwasoma watu vibaya. Alikuwa na nyumba nzima. Wengi wao wamekaa hapa leo, kulia kwako na kushoto kwako, na baadhi walimpita mlangoni miaka sita wakiona haya kumsalimia, kila mmoja akidhani yeye ndiye mwenzake pekee. Siombi unisamehe leo. Ukitaka kuja kwangu unikaripie, njoo saa yoyote, nitaweka chai na nitasikiliza mpaka mwisho.

Ndugu zangu, jana nilifanya kazi yangu ya mwisho ya ukarani. Kitabu cha kumbukumbu cha mwaka wa tisini na moja kiko pale mezani, karibu na maua. Nimepiga mstari juu ya sentensi ile, nikaandika kando yake kwa wino mwekundu, kama nilivyosahihisha madaftari yenu: waliokubali thelathini na wanane, waliokataa mia moja na kumi na wawili, hoja ilianguka. Nimetia sahihi na tarehe. Anayetaka kusoma aende asome, na kikirudishwa ofisini mlango hautafungwa. Kama Sinodi itaona nimevunja utaratibu, iniandikie. Pensheni yangu inatoka kwa serikali, na tangi mmeshanipa.

Kwa hiyo ushirika huu haujawahi kukabidhi haki yake kwa mtu yeyote. Wazee walioteuliwa tangu wakati ule ni ndugu zetu na wamefanya kazi njema, nao sina neno nao. Lakini leo mnaulizwa tena, na safari hii mnaambiwa ni mara ya mwisho. Mkitaka kukubali, kubalini. Ni haki yenu, na nikishindwa nitakula wali wangu na Jumapili nitakuwa hapa mapema. Ninachokataa ni kuwa na macho kwa niaba yenu. Nimekuwa nayo miaka ishirini na sita, na mmeona nilivyoyatumia.

Nawashukuru sana kwa upendo, kwa kwaya iliyoimba hata ule ubeti wa nne ambao hakuna anayeujua, na kwa kumvumilia mwanamke mzee. Baba Askofu, nakushukuru wewe pia kwa kukaa na kunisikia hadi hapa. Ungeweza kuondoka, na gari lako limeegeshwa likitazama barabara.

Tukimaliza kula utasimama, utaomba, na maombi nitayaomba macho yakiwa yamefumbwa kama mtu mwingine yeyote. Ukisema amina nitayafungua. Nitakuwa benchi la tatu karibu na Mwaitu Kalunde, akiniruhusu kukaa. Ukiuliza wanaokataa nitasimama, na mkono wangu utakuwa juu mahali kila mtu anaweza kuuona, na sitaushusha mpaka mtu ataje hesabu kwa sauti. Kama nitakuwa peke yangu, basi mtaje moja. Ni muvea muno, asanteni sana, na Mungu awabariki kwa masikio mliyonipa.